Mfuko wa Mkate Mlangoni Kwako

Vilar do Freixal, Ijumaa asubuhi

Dada Graciete,

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia kabla simu haijakatika, paa halivuji. Usihangaike na fundi, na usimsumbue Telmo wako achukue likizo aje kuliangalia. Paa la mama ni zima kuliko la kanisa. Kuna jambo jingine kabisa, nitalisema, lakini kaa kwanza unyooshe hiyo miguu, maana ni refu, na mimi nikianza si unanijua.

Wee, hata sijakusalimu! Mama angekuwepo ningekula kofi. Hujambo dada yangu? Magoti yameamkaje leo? Telmo na mkewe hawajambo? Yule mjukuu ameshaota meno? Sisi huku wazima. Aurélio wangu mgongo unamuuma kila akiona gunia la unga, ila akiona sahani hauumi. Mimi nimenenepa, nashukuru. Nakuandikia hapa hapa kwenye meza ya kukandia, kwa hiyo ukiona madoa meupe ni unga, si machozi, usije ukaanza kuwaza mambo. Na mwandiko unisamehe. Shule niliiacha darasa la nne. Wewe ndiye uliyepewa kichwa, mimi nikapewa mdomo.

Karatasi ya wakili ninayo. Iko mbele yangu, nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Na ulichosema nimekielewa: ile nyumba ya chini huko kwenu Luxemburg, isiyo na ngazi, wanakushikia mpaka mwisho wa mwezi tu. Bila saini yangu nyumba ya mama haiuziki, na isipouzwa wewe hupati pa kuhamia. Nimeelewa, dada, mimi si mjinga. Lakini kabla ya kusaini au kutosaini lazima nikwambie nilichofanya, maana kuna kitu nimefanya.

Unakumbuka mji ulivyokuwa mwaka ule unaondoka? Jioni ukipita Barabara ya Tanuri ilibidi usalimie mpaka koo likauke. Kila dirisha lina mtu, na kila mtu ana swali: unatoka wapi, unakwenda wapi, hiyo sketi kakushonea nani. Wewe ulikuwa unachukia. Ulisema hapa mtu hawezi kupiga chafya bila kuambiwa kwamba babu yake naye alikuwa anapiga chafya hivyo hivyo. Sasa, dada, napita na gari la mikate, naweza kupiga chafya toka kisimani mpaka kanisani na hakuna wa kuniambia kitu. Shule imefungwa. Duka la dawa linafunguliwa Jumanne na Ijumaa, na posta ndiyo hivyo hivyo, gari linakuja linasimama mbele ya tanuri letu, dereva anakula mkate wa moto, anaondoka na barua. Kwenye benchi la wazee wamebaki wawili, na bado wanagombania upande wenye jua.

Mimi lakini habari zote ninazo, kwa sababu ya mifuko. Watu bado wanatundika mfuko wa kitambaa kwenye kitasa cha mlango, nami alfajiri natia mkate. Mfuko ndio gazeti langu. Mtu wa mikate miwili akiniandikia anataka sita, mwanawe kaja kutoka Ufaransa na watoto. Wa minne akishuka mpaka mmoja, basi wamegombana na mume kahamia kwa mama yake. Mfuko usipotundikwa siku mbili, naacha gari linaunguruma, nabisha hodi.

Sasa nakuja kwenye kisanduku. Usiniambie umesahau kisanduku cha Familia Takatifu! Kile cha mbao, na milango yake miwili midogo, na Yosefu na Maria na Mtoto nyuma ya kioo. Nyumba thelathini, kila nyumba na tarehe yake, na yetu kumi na saba. Siku hiyo mama alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza toka asubuhi, utadhani wanakuja kula. Jioni wanakileta akina Adosinda wa jirani, kinalala kwetu, kesho yake jioni wewe na mimi tunakipeleka kwa Baltasar. Wewe unabeba, mimi nashika taa. Na yale masharti: usikimbie, usikiweke chini njiani, usiongee. Mimi, nisiongee! Nilikuwa navimba mashavu mpaka kwa Baltasar, tukifika tu nayamwaga yote kwa mara moja, mkewe anacheka mpaka anashika ukuta. Halafu ile siku uliyojikwaa pale kisimani, mkono wa Yosefu ukatoka, tukaugandisha kwa unga na ute wa yai. Mpaka leo uko, dada. Umekaa upande kidogo, kama mtu anayeomba lifti barabarani, lakini uko.

Zile nyumba thelathini sasa zimebaki kumi na moja. Anayeshika orodha ni Dona Felismina, yule yule, ana miaka themanini na mbili na kalamu nyekundu. Mtu akifa na nyumba ikifungwa, anapiga mstari. Na tarehe ya nyumba iliyopigwa mstari kisanduku kinalala kanisani, kabatini, gizani, na ufunguo anakaa nao yeye. Niliwahi kumwambia si afadhali kila nyumba ikae nacho siku tatu, akaniambia Familia Takatifu si bibi kizee wa kuzungushwa kwa wakwe.

Basi, mama alipofariki, wewe umeshapanda basi kurudi, tumetoka kwenye misa ya siku ya saba, Felismina akafungua daftari lake pale pale mlangoni mwa kanisa. Nikaiona ile kalamu inashuka kwenye jina la mama. Mdomo wangu ukasema wenyewe, usipige mstari, Graciete anarudi. Akaniuliza lini. Nikasema kabla ya Krismasi. Krismasi ya mwaka gani sikusema, hapo nilijilinda.

Akasema sawa, lakini kisanduku hakilali kwenye nyumba isiyoliwa mkate. Eti ni sharti la toka kwa bibi yake. Haya. Nikachukua mfuko wa mama, ule wa mistari ya bluu, nikautundika kwenye kitasa, na kila alfajiri natia mikate miwili kama kawaida yake. Jioni naingia kwa mlango wa nyuma, mmoja naula pale jikoni na jibini, mwingine nampelekea Aurélio. Ikifika tarehe kumi na saba nakifuata kisanduku mwenyewe, nakaa nacho mpaka usiku, nawasha taa ya dirishani, nasali rozari, halafu naipa Familia Takatifu habari za mji wote, maana wale watatu hawanikatizi.

Sasa wewe tundika mfuko mlangoni, weka mwanga dirishani, halafu useme mji huu ukae kimya. Wiki ya pili tu Adosinda akanidaka mkono mbele ya watu. Akaniambia, "We Deolinda, dada yako karudi, unatuficha?" Nikasema nani, wapi. "Usinifanye mtoto. Nimemwona dirishani kwa macho yangu haya. Kajifunga kitambaa cha marehemu. Na alivyokonda!" Dada, alikuwa ni mimi! Mimi na kitambaa cha mama kwa sababu ya baridi! Kakonda! Nilifurahi nikashindwa kukataa.

Basi ikatembea. Kufika Jumapili ulikuwa umerudi mgonjwa. Wengine wakasema mapafu, wengine wakasema mapenzi. Padri naye, maskini, akakutaja kwenye misa, tumwombee Graciete wa Barabara ya Tanuri anayebeba mateso yake kimya. Wewe, kimya! Niliuma leso.

Na vitu vikaanza kutokea mlangoni. Si unajua huku hakuna wa kubisha hodi, mtu anaacha kitu kizingitini anakwenda zake. Kabichi. Mayai ndani ya kofia. Soseji za nguruwe. Supu kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, na sufuria lazima irudi imeoshwa, kwa hiyo nikawa naosha sufuria za watu wote wa mtaa bila kujulikana. Baltasar sasa anatembelea fimbo mbili, sijui anavibebaje, lakini msimu wa tini kila asubuhi nakuta tini tatu juu ya jani. Nani angekataa? Miezi ishirini na sita nimekula kabichi zako. Huu unene niliokwambia ni wako, mimi nimekuwekea tu.

Ningesema ukweli siku ya kwanza wangenicheka wakasahau. Siku ya thelathini inakuwaje? Unaanzia wapi? Na halafu, dada, nikwambie, ilikuwa tamu. Napita na mikate, wananiuliza kaamkaje Graciete leo, nami nasema leo afadhali, leo kamaliza supu yote, leo kauliza habari zako wewe. Watu wanafurahi wakisikia umewauliza. Sikumbuki mara ya mwisho nimeulizwa hali ya mtu wa nyumbani kwetu. Mimi na Aurélio hatuulizwi, tunaonekana.

Ndipo wakaja wale Waholanzi. Hanneke na mumewe, ila huku yeye tunamwita Dona Ana, lile jina jingine linataka meno mapya. Wamepanga chumba juu ya duka la dawa. Nyumba waliipenda, unajua mwenyewe, mlishaelewana kwenye simu. Siku ya pili wakaja kuitazama bila mimi, wakamkuta Adosinda anafagia. Adosinda akawazuia na ufagio. Akawaeleza kwa mikono, kwa kichwa, kwa kukohoa, kwamba humo ndani mna mgonjwa, na dada mtu anataka kuiuza nyumba mgonjwa akiwa kitandani. Dada mtu ndiye mimi!

Jioni Hanneke akaja kwangu, uso umemshuka. Akaniambia kwa kile Kireno chake cha vipande kwamba wao hawawezi kumtoa mwanamke mgonjwa nyumbani kwake, watatafuta mji mwingine. Nilitakiwa kusema neno moja tu, dada. Nyumba ni tupu. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikammiminia kahawa. Nikamwambia asante kwa moyo wako mzuri. Alipoondoka nikaosha vikombe, nikakupigia wewe, nikakwambia wamegoma, wamesema paa linavuja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Paa nililitunga mimi.

Nikadhani utasema basi, tuiache nyumba. Badala yake juzi ukanipigia, ukasema utakopa, utalipa fundi, niwabembeleze warudi. Halafu ukasema lile jingine, ukilisema kama mzaha. Kwamba hizo ghorofa nne sasa unapanda kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja moja, umekalia mfuko wa plastiki usichafue sketi, na ukisikia jirani anashuka unashika reli unasimama, unajifanya unatafuta ufunguo. Ukacheka. Na mimi nikaangalia ile karatasi, nikaangalia kabichi ya Adosinda iko mezani bado ina umande.

Simu haikukatika, dada. Niliikata mimi.

Nikavua aproni, nikaenda moja kwa moja kwa Waholanzi, mikono ina unga mpaka hapa. Nilisema yote nimesimama mlangoni, sikutaka hata kiti. Mumewe hakuelewa kitu, alikuwa anatabasamu tu. Nikamtazama Hanneke, nikasema hapa sasa naitwa mwizi. Akauliza kitu kimoja, yule wa dirishani alikuwa wewe? Nikasema ni mimi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Dirisha lile zuri. Nalitaka hilo dirisha." Lo, na huyu naye ana mdomo! Tulicheka mpaka mumewe akacheka bila kujua kwa nini. Nyumba bado wanaitaka. Akaniuliza kama kisanduku kitawapita, maana wao si watu wa kanisa sana. Akasema lakini mkate tunakula.

Kwa Felismina ndiko niliogopa. Nilikaa mbali na fimbo yake. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwongo wewe. Toka tumboni mwongo." Nikasema ndiyo Dona Felismina. Akaniuliza, "Kila siku? Miezi ishirini na sita umetundika kila siku?" Nikasema kila siku, ila siku ile theluji ilipofunga barabara. Akasonya. Akafungua daftari, kwenye kumi na saba akafuta jina la mama taratibu, si kwa mstari, kwa raba, akaandika Ana. Sijui ni lini mara ya mwisho aliandika jina jipya kwenye lile daftari. Halafu akashuka mpaka tarehe thelathini, ya marehemu fundi saa, iliyopigwa mstari toka zamani, na pembeni yake akaandika Graciete, chini yake kwa herufi ndogo, analala kwa Deolinda. Akaniambia, "Sasa hata asiporudi, ana siku. Na wewe una vumbi la kufuta mara mbili kwa mwezi, siku yako na siku yake." Sijajua kama ni zawadi au adhabu. Kwake yeye ni kitu kimoja.

Mji mzima sasa unajua. Adosinda haniongeleshi tangu jana, ila si kwa sababu ya uongo, ni kwa sababu ya ile sufuria yake ya bluu, anasema niliirudisha imebonyea. Baltasar yeye kasema tini zake tisini na kitu anazitaka.

Kwa hiyo kila kitu kiko sawa, wanunuzi wapo, paa lipo, wewe unasubiriwa na nyumba isiyo na ngazi. Na bado karatasi iko kwenye kopo la chumvi toka jana, na kalamu ninayo mkononi, na nimekuandikia kurasa zote hizi ili nisiiguse. Nadhani umeshaona.

Si orodha, dada. Orodha nilikuwa naisingizia. Ni kwamba waliouza hawajarudi hata mmoja. Watoto wa fundi saa waliuza, wakanikumbatia, wakalia, tutaonana Agosti Deolinda, Agosti ngapi zimepita? Mwenye nyumba anarudi hata kwa ugomvi, hata kuangalia kigae kilichoanguka. Asiye na nyumba anatuma kadi. Wewe mwenyewe toka tumemzika mama hujaja, unasema safari inaumiza magoti, naamini. Lakini nyumba ilikuwepo, kwa hiyo bado nilikuwa nakungoja kwa haki. Ikiuzwa, nitakungoja kwa haki gani? Utakuja kwangu? Utasema kitanda kifupi, Aurélio anakoroma. Ni kweli anakoroma. Watu wote walionijua nikiwa mtoto wamelala kule juu kwenye makaburi, umebaki wewe tu. Wewe ndiye mtu pekee anayejua nilivyovimba mashavu. Nikakushika kwa paa. Wewe unapanda ngazi kwa makalio, mimi huku nala supu yako na kukushika kwa paa. Ndilo hilo. Kubwa kuliko hilo sina.

Nikunjie uso, nitukane, una haki. Ila usininyamazie, hilo siliwezi.

Haya. Nimeivuta karatasi. Nimeandika Deolinda. Lile la baba bado, maana lile ndilo refu, na ukishaliandika huwezi tena

Ngoja. Aurélio anaita huko nje. Anasema dereva wa posta kamaliza mkate na kawasha gari, niseme naleta au sileti, maana jingine ni Jumanne. Namwambia asubiri. Anasema mtu mwenyewe hasubiri, keshakaa kwenye usukani.

Nimeandika la baba. Limekwisha. Salamu kwa Telmo na mkewe, mbusu mjukuu, na wewe dada uhamie huko chini salama, ukae, uweke miguu juu ya kiti, na Agosti uje, kitanda Aurélio atakirefusha, yeye atalala kwenye tanu

Honi hiyo! Naitia karatasi kwenye bahasha. Nimeitia.

Deolinda wako